Vyeo vya Kurithi Uingereza: Ukabaila Ndani ya Ubepari

Kila tabaka linalonyonya hutafuta namna ya kuuonyesha utawala wake kuwa ni jambo la asili. Makabaila wa Uingereza na Uskoti walitumia hoja ya damu: fulani anatawala kwa sababu babu yake alitawala. Hoja hiyo ni kiini macho. Kilichovizaa vyeo vyao si damu, bali ni ardhi.

Ngazi za vyeo

William wa Normandy alipoiteka Uingereza mwaka 1066, aliwagawia makamanda wake ardhi kwa sharti la kumpatia askari. Aliyelipia mgawo huo ni mkulima, kwa jasho lake. Katika mfumo huo ndimo zilimokua ngazi tano za malodi: dyuki, makwizi, eli, vikaunti na baroni. Dyuki wa kwanza nchini humo alikuwa mtoto wa Mfalme Edward wa Tatu, aliyepewa Cornwall mwaka 1337. Kwa Waskoti ngazi ya tano huitwa Lodi wa Bunge. Baroni wao alikuwa mwenye milki ya kikabaila tu.

Cheo hurithiwa na mtu mmoja, kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume. Shabaha ilikuwa wazi: milki isigawanyike, na nguvu za ukoo zisipungue. Baadhi ya vyeo vya Uskoti huweza kurithiwa na mwanamke.

Cheo chageuzwa bidhaa

Ubepari ulipokomaa haukuvifuta vyeo hivyo, bali ulivinunua. Mwaka 1611 Mfalme James wa Kwanza alianzisha cheo cha baroneti, cha kurithi lakini kisicho na kiti katika Baraza la Malodi, na bei yake ilikuwa pauni 1,095. Mwaka 1649 wanamapinduzi walilifuta Baraza hilo. Mwaka 1660 likarudi pamoja na ufalme. Baadaye wenye mabenki na viwanda nao wakaitwa malodi.

Ndoa ya ukabaila na ubepari ilionekana waziwazi huko Sutherland, kaskazini ya Uskoti. Kwa karne nyingi wakulima wa nyanda za juu walimhesabu mkuu wa ukoo kuwa mlezi wao, na ardhi kuwa riziki ya wote. Sheria ilisema ardhi ni mali yake peke yake. Kati ya 1811 na 1820 mawakala wa Elizabeth, aliyerithi cheo cha eli wa Sutherland, na mumewe, waliwafukuza maelfu ya wakulima kutoka mabonde kama Strathnaver ili wafugwe kondoo wa sufu. Nyumba zilichomwa moto. Wakala Patrick Sellar alishtakiwa mwaka 1816, akaachiliwa. Mwaka 1833 mume huyo alipandishwa kuwa Dyuki wa Sutherland.

Ukoloni uliwapa watu wa tabaka hilo uwanja mpya. Mwaka 1903 Lodi Delamere, baroni wa tatu wa ukoo wake, alipewa ekari 100,000 huko Njoro, Kenya.

Jina na kitu chenyewe

Katika karne ya 20 vyeo hivi vilipunguziwa nguvu hatua kwa hatua. Sheria ya 1911 iliwanyang'anya malodi uwezo wa kuzuia kabisa miswada. Sheria ya 1999 iliwaondoa warithi bungeni isipokuwa 92, na mwaka 2024 serikali ilipeleka muswada wa kuwaondoa hata hao. Uskoti ilifuta umilikaji wa kikabaila tarehe 28 Novemba, 2004. Hata hivyo mashamba makubwa yamebaki mikononi mwa wachache. Kiti kimeondolewa, ardhi haikuguswa.

Tanganyika ilikuta watemi waliotumiwa na Waingereza hao hao kutawala kwa niaba yao. Mwaka 1963 ilifuta mamlaka yao kisheria, na mwaka huo huo ikaondoa umilikaji wa ardhi wa kudumu wa mtu binafsi, ukawa upangaji kutoka kwa serikali. Hatua hizo mbili zilitegemeana. Anayefuta cheo akaiacha ardhi mikononi mwa wachache amefuta jina tu, na kabaila asiye na jina bado ni kabaila. Kazi ya mwanachama ni kuuliza daima: ardhi ni ya nani, na jasho linalimwagilia nani?