Rangi ya Juu Haitoshi

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Agosti, viwanja vya Nzuguni, kando ya barabara itokayo Dodoma kwenda Morogoro, hujaa wakulima waliokuja kutazama maonyesho ya Nane Nane. Mwaka 2024 sherehe hizo ziliadhimishwa hapo kitaifa. Matrekta husimama mekundu na ya buluu, plau hung'aa, na matela hunukia rangi mbichi. Mkulima aliyetoka Bahi au Chamwino hulizunguka tela, hupitisha mkono juu ya bati lake, akaridhika. Sisi twasema asiridhike upesi. Na amwulize mwuzaji swali moja: chini ya rangi hii mmepaka nini?

Wapo wanaodhani kwamba kutu ni maradhi ya pwani, na kwamba hapa kwetu uwanda wa kati, palipo na miezi mingi ya jua kali, chuma hakina adui. Wanakosea. Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja hugeuka kutu, na chumvi huiharakisha kazi hiyo. Mvua zetu huja kuanzia Desemba hadi Aprili, na ndiyo miezi ambayo plau na mashine ya kupandia huwa shambani, zimegandwa na matope, samadi na mbolea ya chumvichumvi. Kisha huoshwa kwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Baada ya hapo huachwa chini ya mti hadi msimu mwingine.

Basi tuseme juu ya rangi ya chini, ambayo mafundi huiita praima. Kazi yake ni kushikana na chuma na kuzuia kutu. Rangi ya juu kazi yake ni kuikinga praima hiyo na jua na mvua. Mojawapo ikikosekana, nyingine haidumu. Praima iliyoachwa peke yake hupitisha unyevu, ndiyo maana tela lililopakwa ile nyekundu tu likangojea fedha za rangi ya juu kwa mwaka mzima hurudi kwa fundi likiwa na kutu.

Ile nyekundu inayouzwa katika kila duka la vifaa hufaa, ila wekundu wake hutokana na oksidi ya chuma, na wekundu huo pekee hauna dawa ya kuzuia kutu. Mwenye uwezo na atafute praima yenye fosfati ya zinki, ambayo huzuia kutu hata pale chuma kiliposafishwa kwa mkono tu. Ile yenye unga mwingi wa zinki ni bora zaidi, kwa kuwa zinki huliwa badala ya chuma. Lakini sharti iguse chuma kitupu kilicho safi kabisa, na si kazi ya brashi ya waya na haraka. Ipoksi ya kuchanganya makopo mawili ni ngumu mno, walakini jua huifanya iwe unga, hivyo lazima ifunikwe. Na mtu asinunue kopo lenye madini ya risasi, hata kama wazee wa kazi wanalisifu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutangaza kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio waumiao kwanza.

Mabati yana sheria yao. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya bati lenye zinki, mafuta yake hupigana na zinki na kufanya kama sabuni katikati, kisha rangi hubanduka kama ganda. Bati lahitaji praima yake maalumu.

Lakini hata praima nzuri hupotea bure juu ya uchafu. Tumeona matela mapya yakipakwa rangi huku mabaki ya kuchomelea yangali kwenye maungio. Huko ndiko kutu huanzia. Yatupasa kugonga mabaki hayo, kukwangua gamba la kutu, kupiga msasa, na kufuta mafuta kwa thina. Yule aliyezoea kupaka oili chafu ajue kwamba rangi haishiki juu yake. Kazi ifanywe mwezi wa Juni au Julai, umande ukishakauka na kabla chuma hakijawaka kwa jua, kwa mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito.

Sehemu ya plau inayokata udongo isipakwe rangi kabisa, maana rangi hiyo itabaki katika mfuo wa kwanza. Udongo wetu ni mkali. Serikali ya Uingereza iliujua ukali huo katika Kongwa, mashariki ya Nzuguni, ilipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947 kwa matrekta ambayo mengi yalikuwa mabaki ya vita kutoka Ufilipino. Udongo ulikula vyuma vyao, na mwaka 1951 mpango ukafutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Sehemu hiyo isafishwe mavuno yakiisha, ipakwe grisi, basi.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi wanachama. Plau ya mtu mmoja huwa na mlinzi. Plau ya chama cha ushirika mara nyingi haina, kila mmoja akidhani mwenzake ameiosha. Mkutano ujao wa ushirika, kabla ya kujadili ununuzi wa trekta jipya, na uandike katika kumbukumbu zake jina la mtu atakayetunza la zamani, na fedha ya praima atakayopewa kabla ya mwezi wa Juni.