Uzito usiofungwa hugeuka risasi

Ukipita Kitale msimu wa kulima, utaona trekta likielekea shambani huku limefungwa mabamba mazito ya chuma puani. Mgeni kutoka mjini hushangaa. Mashine hiyo tayari ina uzito wa tani kadhaa. Ya nini kuiongezea chuma kisichovuta wala kulima?

Mkulima wa Trans Nzoia hana haja ya kueleza sana. Anajua kwamba plau ikizama udongoni, pua ya trekta hutaka kuinuka, na magurudumu ya mbele yakiachana na ardhi usukani hauna kazi tena. Chuma kile cha puani ndicho kinachoyashikilia chini. Wengine hutia hata maji ndani ya magurudumu ya nyuma ili yashike udongo bila kuteleza.

Ndugu zetu wa Pwani wana neno la zamani kwa uzito wa namna hii. Huuita farumi. Jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe au mchanga tumboni ili upepo ukipiga tanga, chombo kisipinduke. Farumi si mzigo wa kuuzwa. Kazi yake ni kukiweka chombo sawa.

Leo, msomaji, tuizungumzie farumi mahali ambapo wengi hawaitarajii: ndani ya gari dogo la mashindano, lile ambalo kijana hulitengeneza mwenyewe kwa akiba yake ndogo, pengine kutokana na gari kuukuu la babake.

KWA NINI KUONGEZA UZITO?

Mashindano ya magari yana mizizi mirefu nchini. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na mwaka 2021 ilirejea katika orodha ya mashindano ya ubingwa wa dunia huko Naivasha. Lakini si kila mpenda mbio ana mamilioni. Wengi huanzia katika otokrosi, ambapo gari huzunguka uwanja wa udongo likishindana na saa.

Kazi ya kwanza ya mwanagenzi huwa ni kupunguza. Viti vya nyuma hutolewa, zulia hutolewa, redio nayo hutolewa. Gari huwa jepesi, nalo likiwa jepesi hukimbia, hukata kona na kusimama upesi. Kwa mkazi wa Kitale jambo hili lina maana zaidi. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taba hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Kila kilo huonekana mlimani.

Mbona basi kuongeza tena? Ni kwa sababu madaraja mengi ya mashindano huweka kiwango cha chini cha uzito. Gari la kiwango cha Rally2, kwa mfano, halipaswi kuwa chini ya kilo 1,230. Shabaha ni haki na usalama. Pasingekuwa na kiwango hicho, tajiri angenunua milango na boneti nyepesi za bei ghali, na maskini angekata vyuma vinavyomlinda ili amfikie. Gari likipatikana jepesi kupita kiasi baada ya mbio, hata kama lilishinda, ushindi huweza kufutwa.

PIMA KWANZA

Kosa la kawaida ni kukisia. Barabara ya kutoka Kitale kwenda Bungoma hupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye, na pale Webuye upo mzani mkubwa wa barabarani. Huo hata hivyo uliwekwa kwa ajili ya malori, ambayo sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 huyaruhusu kufika tani 56. Kwa mtu anayetafuta tofauti ya kilo 5, chombo hicho hakikukusudiwa kazi hiyo.

Dawa iko katika maghala ya mahindi. Mizani ya kupimia magunia, yenye uwezo wa kilo 300 au 500, hutosha kupima gurudumu moja la gari dogo. Weka gurudumu moja juu ya mizani, na yale matatu juu ya mbao zenye kimo sawa na mizani hiyo, ili gari lisiiname. Andika kilo. Hamia gurudumu la pili, kisha la tatu na la nne. Jumlisha. Dereva awe ameketi ndani na kofia yake ikiwa kanuni za daraja lake humhesabu. Tangi nalo liwe karibu tupu, kwani ukaguzi aghalabu hufanywa mwisho wa mbio, na lita 10 za petroli zilizoungua ni zaidi ya kilo 7 zilizopotea. Wala usitegemee tope lililoganda chini ya gari. Tope la Kamukuywa si farumi.

Tuseme kijana wetu ana Toyota Starlet ya miaka ya 1990. Pamoja naye linapima kilo 864, na daraja lake linataka kilo 900. Pungufu ni kilo 36.

Kabla ya kutafuta chuma cha bure, ajiulize: je, vyuma vya kizimba vinavyomkinga gari likibiringika vinatosha? Je, kizimamoto kipo na kimefungwa? Je, bamba la kuikinga injini na mawe ni imara? Uzito unaofanya kazi una faida kuliko uzito uliolala tu. Kitakachobaki baada ya hapo ndicho kijazwe kwa farumi.

UZITO UPATIKANE WAPI?

Wengine hutia mfuko wa mchanga, jiwe au mtungi wa maji. Hivyo ni vitu vya kukataa mara moja. Mfuko hupasuka, jiwe halina mahali pa kupitisha bolti, na maji huyumba huku na huku kila kona. Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, husema wazi kwamba farumi iwe pande gumu, zima, lililofungwa kwa namna ambayo haling'oki bila spana, liwekwe sakafuni ndani ya gari, mahali mkaguzi anapoweza kuliona na kulitia lakiri.

Bamba bapa la chuma kutoka kwa mafundi wa jua kali ndilo chaguo jema. Bamba la sentimita 30 kwa 40, lenye unene wa sentimita 1, lina uzito wa karibu kilo 9.4. Manne yakipangwa pamoja ni karibu kilo 38. Hesabu imekwisha, na kimo chake ni sentimita 4 tu. Diski kuukuu za plau, ambazo si haba Kitale, zimepinda kama bakuli na hazilali vizuri sakafuni.

Tahadhari moja kuhusu chuma chakavu: jua kilikotoka. Kenya ina sheria ya biashara hiyo tangu mwaka 2015, na Januari 2022 serikali iliisimamisha kwa muda baada ya vyuma vya nguzo za umeme kuhujumiwa. Kipande cha reli au kifuniko cha mtaro ni mali ya umma. Kukipaka rangi na kukifunga garini hakubadilishi jambo hilo.

USIYEYUSHE RISASI NYUMBANI

Hapa ndipo wazazi wanapohitaji kusikiliza. Kijana atasikia kwamba risasi, ile madini laini ya ndani ya betri, ni nzito kuliko chuma. Ni kweli. Bamba la ukubwa ule ule lingekuwa na kilo 13.6. Tena risasi huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, ambalo hata moto wa makaa huweza kulifikia. Kishawishi cha kuvunja betri mbili kuukuu nyuma ya nyumba na kuziyeyusha katika sufuria ni kikubwa.

Moshi na vumbi la risasi ni sumu. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa mikono michafu, na waumiao zaidi ni watoto, kwa kuwa sumu hiyo huathiri ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chochote cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo kwa machungu baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuwekwa jirani nao. Kesi waliyoipigania wakiongozwa na Phyllis Omido iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka 2020, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha fidia hiyo. Lakini pesa haziondoi madhara katika akili ya mtoto.

Sasa linganisha. Kwa kilo 36 za kijana wetu, faida ya risasi ni kuokoa bamba moja, yaani sentimita 1 ya kimo. Je, sentimita moja ina thamani ya afya ya mdogo wake anayecheza uani? Chuma kinatosha.

MAHALI NA NAMNA YA KUFUNGA

Wengi hutupa uzito ndani ya buti kwa kuwa mna nafasi. Tufanye hesabu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Starlet ile ina mita 2.3. Ukiweka kilo 36 sentimita 60 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 45, na ya mbele hupunguziwa kilo 9. Gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele. Umeyanyima uzito magurudumu yale yale yanayovuta na kupinda. Isitoshe, katika kona mkia mzito hutaka kuzunguka na kuipita pua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Farumi ikae chini kabisa, kati ya ekseli mbili. Kwetu dereva huketi kulia, kwa hivyo katika gari la mtu mmoja mahali pazuri ni sakafu ya kushoto, pale kiti cha abiria kilipokuwa. Hapo uzito wa chuma husaidia kusawazisha uzito wa dereva.

Bati la sakafu aghalabu ni jembamba kuliko milimita 1, na bolti ikivutwa kwa nguvu hulipasua kama karatasi. Kwa hiyo weka bamba pana la unene wa milimita 3 au zaidi chini ya sakafu, bolti ipite kutoka juu hadi chini, na sakafu ibanwe katikati. Tumia angalau bolti 4 za kipenyo cha milimita 10, zilizopigwa chapa ya 8.8 kichwani, pamoja na nati zenye pete ya nailoni ndani ili zisilegee kwa mtikiso. Kabla ya kutoboa, chungulia chini: mabomba ya breki na ya petroli hupita huko. Kamba, waya na mipira ya baiskeli ni za kubebea kuku.

Mwanafunzi wa fizikia athibitishe mwenyewe sababu yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa likigonga mti na kusimama katika sentimita 60, nguvu ya kusimamishwa hufika karibu mara 24 ya mvutano wa dunia. Bamba la kilo 20 wakati huo husukuma kama kilo 470. Hayo ni zaidi ya magunia 5 ya mahindi ya kilo 90. Likiwa limefungwa, bolti hustahimili. Likiwa halikufungwa, huendelea na safari kwa kasi ile ile hadi likutane na kitu, na mara nyingi kilicho mbele yake ni mgongo wa dereva.

Hata wakubwa wameadhibiwa. Mwaka 1984 timu ya Tyrrell ya Uingereza ilifutiwa pointi zake zote katika Formula One. Magari yake yalikuwa yakiongezwa maji mbio zikikaribia kwisha, na ndani ya maji hayo mlikuwa na vipira vya risasi. Miongoni mwa makosa iliyoshtakiwa ni kwamba uzito huo haukuwa umefungwa.

Kwa hivyo, mzazi, kijana wako akikuita gerejini akuonyeshe gari lake, usitazame rangi pekee. Inama uangalie sakafuni. Shika kile chuma kwa mikono miwili ukitikise kwa nguvu zako zote. Kikitikisika hata kidogo, spana itolewe kabla ya ufunguo wa gari. Lugha yetu ilikwisha kutuonya: risasi ni madini, na risasi ni ile itokayo mdomoni mwa bunduki. Uzito wowote ulioachwa huru garini, uwe wa chuma au wa jiwe, hugeuka ile ya pili.