Tundu la Ufunguo Ubavuni mwa Rivolva

Anayeshika rivolva ya Smith & Wesson iliyotengenezwa ndani ya miaka ishirini na kitu iliyopita, aghalabu ataona upande wa kushoto, juu ya kitufe cha kufungulia silinda, tundu dogo la duara. Ni la ufunguo. Ukizungushwa, nyundo hainuki na bastola haifyatuki. Kwa wamiliki wa rivolva nchini Marekani, tundu hilo limezua ubishi mwingi kuliko karibu badiliko jingine lolote la kizazi hiki. Wapo wanaotoa pesa nyingi kununua bastola za zamani ili kulikwepa, na baadhi yao huapa kwamba zile za zamani hupiga shabaha vizuri zaidi. Katika madai hayo kuna mambo mawili yaliyochanganywa, na kila moja lina historia yake.

Kufuli lililetwa na siasa. Machi 2000 Smith & Wesson ilitia saini makubaliano na serikali ya Rais Bill Clinton, ikiahidi miongoni mwa mengine kuweka kufuli ndani ya bastola zake. Wanunuzi wengi waliona wamesalitiwa, wakaisusia kampuni na mauzo yakaporomoka. Tomkins ya Uingereza, iliyoinunua mwaka 1987 kwa zaidi ya dola milioni 110, iliiuza Mei 2001 kwa dola milioni 15 tu pamoja na madeni yake. Mnunuzi alikuwa Saf-T-Hammer, kampuni changa ya Arizona iliyojihusisha na vifaa vya kufungia silaha. Haikuchukua muda tundu likaanza kuonekana kwenye rivolva mpya. Kwa hiyo anayelichukia leo mara nyingi anachukia kumbukumbu ya mwaka 2000.

Mabadiliko mengine hayakuwa na siasa ndani yake. Hadi mapema miaka ya 1980 mtutu ulishikiliwa na pini iliyopita kwenye fremu, na silinda za risasi kali za magnum zilichongwa ili kitako cha ganda la risasi kizame ndani. Vyote viwili viliondolewa. Mtutu sasa ulikazwa kwa nyuzi zake za skrubu peke yake, na maganda ya kisasa yalikuwa na vitako imara kiasi cha kutohitaji kufichwa. Katika miaka ya 1990 nyundo na vifyatulio vilianza kutengenezwa kwa unga laini wa chuma unaochanganywa na gundi, ukasukumwa kwenye kalibu kama uji wa vitumbua unavyojaza vishimo vya kikaango, kisha ukaokwa kwa joto kali hadi ushikamane. Wapenzi wa chuma kilichofuliwa walinung'unika. Lakini vipande hivyo hutoka vikilingana sana, na fundi hahitaji kukaa na tupa akisugua kila kimoja.

Manung'uniko hayo si mapya. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo hiyo ilifupisha mwendo wa nyundo ili ifike kwenye risasi haraka. Wapo waliouona mtambo mpya kuwa maendeleo, na wapo waliozitafuta rivolva za mtambo wa zamani kwa sababu ya ulaini wake.

Je, shabaha inategemea nini hasa? Kwenye rivolva, risasi husafiri sehemu ya safari yake kabla ya kuingia kwenye mtutu. Hutoka kwenye chumba cha silinda, hupita kwenye koo lake, huruka upenyo mwembamba ulio mbele ya silinda, ndipo huingia kwenye mdomo wa mtutu uliochongwa kama faneli. Kila chumba kati ya sita lazima kisimame sawasawa na mtutu wakati nyundo inapoanguka. Koo likiwa pana mno, risasi huingia ikiyumba. Likiwa jembamba mno, risasi iliyotengenezwa kwa madini ya risasi tupu hubanwa na kupungua unene, kisha haishiki vizuri michirizi ya ndani ya mtutu.

Mfano mashuhuri ni Smith & Wesson Model 25-5 ya .45 Colt, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyingi za mwanzo zilikuwa na makoo mapana kuliko risasi zake kwa sehemu chache za elfu ya inchi, na wenye nazo walilalamika kwamba matundu yanatawanyika kwenye karatasi. Kampuni ya Ruger nayo ilijulikana kwa kasoro ya kinyume: baadhi ya rivolva zake za Blackhawk za .45 Colt zilikuwa na makoo membamba, na mafundi walipata kazi ya kuyapanua. Hapo hapakuwa na kufuli wala unga wa chuma. Kilichoharibu shabaha ni kipimo.

Rivolva ya Python ya kampuni ya Colt inaonyesha upande wa pili. Ilizinduliwa mwaka 1955, ikasifiwa kwa mitutu yake na kwa kazi ya mikono iliyowekwa ndani. Ila mtambo wake, ukichakaa, ulianza kuchelewa kuifikisha silinda mahali pake, na mafundi wanaoujua walizidi kupungua. Colt iliporudisha Python mwaka 2020 ilipunguza vipande 14 vya ndani na kuongeza chuma chini ya kilengeo cha nyuma. Wakusanyaji walilalamikia mwonekano wake. Wengi walioifyatua walisifu kifyatulio.

Kifyatulio hakipaswi kusahaulika. Nyundo ikivutwa kwanza kwa kidole gumba, kifyatulio huhitaji uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ikinyanyuliwa na kifyatulio chenyewe, uzito hufika kilo tano au zaidi. Mpiga shabaha wa Marekani Jerry Miculek ndiye aliyeonyesha kinachowezekana kwa njia hiyo ngumu: mwaka 1999 alifyatua risasi sita, akajaza upya, akafyatua sita nyingine kwa sekunde 2.99.

Kwenye mashindano ya Marekani ya kulenga shabaha kwa bastola yaitwayo bullseye, duara la alama 10 katika umbali wa yadi 50 lina upana wa inchi 3.36, karibu sentimita 8.5. Mwenye rivolva anayetaka kujua kama tatizo ni yeye au chuma huiegemeza juu ya mifuko ya mchanga, hutia alama vyumba vyote sita, kisha hupiga kila chumba kwenye karatasi yake. Mara nyingine vitano hukusanya matundu pamoja na cha sita hupeleka risasi pembeni. Kwa kuwa raundi za kasi za bullseye hupigwa risasi tano tano, mshindani mwenye rivolva ya namna hiyo anaweza kukiacha kile cha sita kitupu na kuendelea.