Adabu za Fortezza da Basso

Kila Januari na kila Juni picha zilezile huzunguka kwenye simu: wanaume wamekaa kwenye ukuta mfupi, miguu wameikunja nne, suti za rangi ya haradali, kofia pana, viatu bila soksi. Maneno hufuata. Wanaume wazima hawana kazi! Wamejipamba kama maharusi! Safari hii aliyenitumia picha ni mfanyabiashara mwenzangu hapa Mombasa, mtu ninayemheshimu, akaniuliza kama kweli huko ndiko ninakopeleka fedha za duka. Ndiko. Na kwa kuwa Pitti Uomo, maonyesho ya biashara ya nguo za wanaume kule Italia, inahukumiwa na watu wasiowahi kuvuka lango lake, acha nieleze jinsi ninavyowajua watu wa pale.

Wa ukutani wapo, sikatai. Waliongezeka tangu wapiga picha wa mitaani, Scott Schuman akiwa miongoni mwa wa mwanzo, walipoanza kuwasambaza mitandaoni. Baadhi yao ni wauza nguo hasa, kama Lino Ieluzzi wa duka la Al Bazar kule Milan. Wengine wamefuata kamera. Maonyesho ya jukwaani na sherehe za usiku nayo yana wapenzi wake, mimi simo.

Kazi iko mabandani. Maonyesho haya yalianza mwaka 1972 mjini Florence, na sasa hufanyika ndani ya Fortezza da Basso, ngome iliyojengwa na ukoo wa Medici katika karne ya 16. Mji wenyewe ulikuwa umeshazoea kupokea wanunuzi. Mwaka 1951 Giovanni Battista Giorgini aliwakaribisha wanunuzi kutoka Marekani nyumbani kwake, akawaonyesha mitindo ya Kiitalia. Kumtanguliza mgeni kabla ya mauzo bado ndiyo desturi ya watu wa pale, na ndiyo inayowakwaza wageni wenye haraka.

Huingii bandani ukauliza bei. Unasalimia, unaketi, kahawa inaletwa, kikombe kidogo kichungu. Kisha unaulizwa wewe: duka lako liko mtaa gani? Unauza nguo za nani? Jirani yako ni nani? Nimewasikia Waafrika wenzangu wakitoka wamenuna, wakisema wamedharauliwa. Nawaelewa, maana dharau tumeionja kwingi, lakini hapa wanakosea. Banda lililokwisha kumuuzia mwenye duka mmoja kwa kawaida halimuuzii jirani yake wa mtaa uleule. Maswali yale yanamlinda aliyetangulia, na ukikubaliwa yatakulinda wewe. Msimu wa kwanza unaweza kuambiwa oda zimejaa. Mwenye busara hushukuru na kurudi msimu unaofuata, na akionekana tena, jina lake huanza kukumbukwa.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kushika kitambaa. Wakala mmoja mzee, mtu wa Napoli, hanionyeshi koti likining'inia. Hulishusha, huligeuza ndani nje, hukiweka kidole changu pale mkono unapoungana na bega, niguse mikunjo midogo ambayo fundi ameiacha makusudi ili mkono uinuke bila kulivuta koti zima. Kisha hushika upindo, huubana ndani ya ngumi, hungoja, huachia. Kitani hubaki na makunyanzi, ndiyo tabia yake. Sufu nyepesi iliyosokotwa vizuri hujinyoosha yenyewe. Hasemi neno mpaka nami nimebana na kuachia kwa mkono wangu. Elimu hii imeenea eneo zima. Prato, mji jirani wa Florence ulioishi kwa sufu karne nyingi, una wachambuzi wa nguo kuukuu wanaotenga sufu kwa kuigusa, ikararuliwe na kusokotwa upya. Mchambuzi wa mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, angeielewa kazi yao bila mkalimani.

Baada ya hapo ndipo daftari la oda hufunguliwa. Mimi huenda Juni, maana Januari ni ya nguo za baridi na Mombasa haina haja nazo. Ninachoagiza Juni kitashonwa na kufika mwaka unaofuata. Katikati hapo kiwanda kinanunua majora ya kitambaa na kulipa mafundi kwa kutegemea sahihi yangu na malipo kidogo ya awali. Ni mali kauli pande zote mbili, na ndiyo sababu watu wa pale wanajuana kwa ulipaji. Wakala mmoja hubeba viwanda kadhaa. Ukimzungusha mmoja, wote wamesikia kabla ya chakula cha mchana. Na chakula hicho mnakula pamoja, wewe na wakala, mkiulizana habari za watoto na za wazee waliofariki tangu mlipoachana.

Haya ndiyo yanayokwisha. Juni 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango, oda zikahamia kwenye skrini, na milango ilipofunguliwa tena 2021 baadhi hawakurudia mazoea ya zamani. Sasa kuna mabanda ambamo kijana anapitisha kifaa kwenye lebo, bei inatokea, anakutumia kiungo, basi. Kitambaa hajakigusa yeye wala wewe. Viwanda vya ukoo navyo vinaingia mikononi mwa makampuni makubwa, kama Loro Piana ilivyonunuliwa na LVMH mwaka 2013, na duka dogo la mbali si rahisi kukumbukwa kwenye hesabu za mkubwa. Wakala wangu wa Napoli anazungumzia kustaafu, na wanawe hawaitaki kazi hii.

Januari 2016 wabunifu wa Kiafrika walipewa jukwaa pale, katika onyesho la Generation Africa, na waomba hifadhi wakatembea wakiwa wamevaa kazi za wabunifu hao. Nililifurahia jambo lile, ila jukwaa ni la usiku mmoja. Vijana wetu wanaoshona Nairobi, Dar na Kampala huniuliza wapeleke picha wapi ili waonekane. Nawasihi wakusanye nauli. Waje Juni, waingie banda kwa banda, wapokee kahawa, wabane vitambaa, waulizwe mtaa wao na wajibu kwa kujiamini. Na waje sasa, wakati wazee wanaoweza kuwatambulisha kwa wenye viwanda bado wako bandani.