Nyota hakufika Kapkatet, mashabiki walikuwepo

Kwenye ufuo wa Jumunjin, mjini Gangneung, pwani ya mashariki ya Korea Kusini, kuna kituo cha basi ambapo basi halisimami. Kilijengwa kwa ajili ya picha za albamu ya kikundi cha BTS ya mwaka 2017, You Never Walk Alone, na picha zilipokwisha kupigwa kikabomolewa. Mashabiki hawakujali. Waliendelea kumiminika hapo kutafuta kituo ambacho hakikuwepo tena, hadi serikali ya mji ikaona heri ikijenge upya. Siku hizi watu hupanga foleni ili waketi dakika moja kwenye benchi lile, bahari ikiwa nyuma yao, wapigwe picha, wainuke wampishe mwenzao.

Ziara za mashabiki wa muziki wa Korea zimejaa mahali pa namna hiyo. Jijini Seoul, mwongozaji huwapeleka wageni wake mtaa wa Gangnam kwenye barabara iliyopangwa sanamu za dubu, kila dubu na kikundi chake cha muziki. Huwapeleka Yoojung Sikdang, mkahawa wa kawaida ambako vijana wa BTS walikuwa wakila kabla ya kutoa wimbo wao wa kwanza Juni 2013, na ambao sasa kuta zake zimefunikwa kwa picha zao. Wenye umri mkubwa kidogo huvuka maji hadi kisiwa cha Nami, kilichopata umaarufu kwa tamthilia ya Winter Sonata ya mwaka 2002, iliyowafanya Wajapani wengi kufunga safari kukiona. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti ya Hyundai ilikadiria kwamba kati ya kila wageni 13 walioingia Korea Kusini mwaka uliotangulia, mmoja alivutwa na BTS. Hao ni karibu watu 800,000 kwa mwaka mmoja.

Vijana wa Nakuru, Kenya, wanaoupenda muziki huo wanaijua ramani hiyo kama wanavyojua njia ya kwenda kwao. Ukitaka kuwaelewa, watazame wakifanya mazoezi ya densi. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, video imegeuzwa ili mkono wa kushoto wa mchezaji wa Seoul ulingane na wa kushoto wa anayemwiga, na mmoja wao anahesabu moja hadi nane kwa sauti ya ukali. Akikosea mmoja, wote wanarudi mwanzo. Hawarudii wimbo mzima. Wanarudia zile sekunde sita ambapo bega linatangulia kichwa, mpaka bega likubali. Wapo wanaosafiri hadi Nairobi kwa mashindano yanayoandaliwa na ubalozi wa Korea, na wapo ambao hawajawahi kucheza mbele ya mtu yeyote ila dada zao. Nauli ya ndege hadi Seoul, pamoja na viza, malazi na ada ya mwongozaji, ni mlima ambao wengi wao hawataupanda karibuni. BTS nao hawajawahi kupanda jukwaa Nakuru wala kwingineko Kenya.

Je, hakuna ziara inayoweza kuwafaa hapa kwetu? Ipo, na haihitaji pasipoti. Ni ya kwenda Kapkatet.

Mwaka 1950, Mwingereza Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika Mashariki na vyombo vyake vya kurekodi. Tracey ndiye aliyeanzisha mwaka 1954 ile maktaba kubwa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Alipofika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, aliimbiwa nyimbo kadhaa kuhusu mtu aliyeitwa Chemirocha. Wimbo uliovuma kuliko wote aliimbiwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana wenzake, huku kukipigwa chepkong', kile kinanda cha nyuzi cha Wakipsigis. Chemirocha alikuwa Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimbaji wa muziki wa country. Jina lake lilikuwa limepita katika midomo ya watu wa Kapkatet likatoka hivyo.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 na alikuwa mtu wa Meridian, jimbo la Mississippi. Alifanya kazi kwenye reli, akishughulikia breki za treni, hadi kifua kikuu kilipomdhoofisha. Rekodi zake za kwanza alizifanya Bristol, Tennessee, Agosti 1927, na mwezi Mei 1933 akafariki jijini New York akiwa na miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakimwimba mbele ya maikrofoni ya Tracey, alikuwa kaburini kwa miaka 17. Sauti yake ilikuwa imewafikia kupitia sahani za santuri zilizoletwa na Wazungu.

Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimwazia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu paa, mwenye kwato, na kwamba katika wimbo wanamhimiza aruke ngoma yao kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Maelezo hayo yamezunguka dunia, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko: tazameni watu wa kijijini waliosikia gramafoni wakadhani ni jini. Mimi sikubali usimulizi huo hata kidogo. Nikiisikiliza rekodi yenyewe, ambayo ni fupi, nasikia wasichana wanaojua vizuri wanachokifanya. Kinanda kinatangulia, mwimbishaji anaingia, wenzake wanadaka kiitikio kwa pamoja na kukiachia kwa pamoja, bila hata sauti moja kuchelewa. Huo ni mchezo wa watu waliokaa na wimbo muda mrefu. Wamemchukua mgeni wasiyemjua sura, wamempa mwili wanaoutaka wao, kisha wamemwalika kwenye ngoma yao wenyewe.

Sasa rudi kwa kijana wa Nakuru mwenye kadi ndogo za picha za BTS kwenye jalada la simu. Muulize Jungkook ni mnyama gani. Atakwambia bila kusita kwamba ni sungura. Suga je? Paka. Mashabiki wa kikundi hicho kote duniani wamewagawia wapenzi wao wanyama, na mwaka 2017 wanamuziki wenyewe wakashiriki kubuni vikaragosi vya BT21, wakiwemo koala, sungura na mbwa. Hakuna anayewaona mashabiki hao kuwa wajinga. Tunajua kwamba ni mapenzi yanayotafuta umbo. Katika matamasha ya Korea, mashabiki huyataja majina ya wasanii kwa mfuatano, kwa sauti moja, wimbo unapoanza. Wasichana wa Kapkatet walilirudia jina la Chemirocha vivyo hivyo. Na zile karamu za siku ya kuzaliwa ambazo mashabiki humwandalia msanii katika mkahawa wa mji ambao hatatia mguu, keki ikakatwa na picha yake ikiwa ndiye mgeni rasmi, zina tofauti gani na wimbo wa kumwita marehemu wa Mississippi aje aruke ngoma Kapkatet?

Tofauti iliyopo ni kwamba wa Kapkatet walitangulia kwa zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo kijana anayeambiwa nyumbani kwamba ameiga mambo ya Wakorea yasiyo na asili hapa anaonewa. Kumpenda mwimbaji wa mbali kupitia mashine, kumkosea jina, kumfanya wa kwenu, ni jambo lenye historia ndefu katika Bonde la Ufa, tena lenye ushahidi wa sauti. Isitoshe, mapenzi ya country hayakuisha. Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton na Kenny Rogers ni sauti ambazo redio na matatu zetu zimezizoea, na Kenya ina mwimbaji wake mwenyewe wa mtindo huo, Elvis Otieno, anayejulikana kama Sir Elvis.

Ningependa ziara hii ianzie stesheni ya reli ya Nakuru. Mji huu ulizaliwa na reli, ukatangazwa rasmi kuwa mji mdogo mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ukapewa hadhi ya jiji. Hapo ndipo mwongozaji aseme Rodgers alikuwa nani, mfanyakazi wa treni, kwa watu ambao babu zao wengi walikuja Nakuru kwa sababu ya treni. Kisha safari ishike barabara ya magharibi, ipite Salgaa kwenye msururu wa matrela, ifike Mau Summit na kukata kushoto kuelekea Londiani. Baridi huanza kuuma hapo. Baada ya Londiani mashamba ya chai yanatokea, kijani kibichi kilichonyolewa sawasawa, na kutoka hapo yanakusindikiza hadi Kericho, kilomita 100 na ushei kutoka Nakuru.

Kericho haifai kupitwa kwa sababu ya chai peke yake. Kwenye mji huu familia ya Chandarana iliendesha duka la santuri, studio na lebo ya kurekodi, ambako wanamuziki Wakalenjin, Waluo na Waluhya walikuja kuweka nyimbo zao kwenye sahani. Watu hudhani kwamba muziki wa Kenya ulitengenezwa River Road, Nairobi, peke yake. Kwa miaka mingi mkulima wa Bomet au kibarua wa majani chai aliyetaka wimbo wa lugha yake alifunga safari ya Kericho, akasimama mbele ya kaunta, akasikilizishwa sahani kabla ya kutoa pesa. Wakati huo gitaa lilikuwa limeshachukua sehemu kubwa ya kazi ya chepkong', na jina kubwa kwa Wakipsigis lilikuwa Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilongget. Shabiki wa muziki wa Korea anayejua kampuni ipi ilimlea msanii yupi, na studio ipi ilitoa wimbo upi, atajisikia nyumbani hapo haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Watu wa namna hiyo hupenda kujua vitu vinavyotengenezwa vinatengenezwaje.

Kutoka Kericho, barabara ya Sotik inapita Litein, na mbele kidogo ni Kapkatet. Anayefika akitarajia jengo la kioo lenye duka la zawadi atakuwa amekosea ziara. Kinachotafutwa Kapkatet ni watu, na hapa ndipo mwongozaji mzuri anatofautiana na mwenye gari tu. Awafundishe wageni wake kuamkia kwa chamgei kabla ya kutoa simu. Apange mapema na mpigaji chepkong', ili wageni wakione kinanda mkononi mwa mwenyewe, jinsi vidole vinavyozima nyuzi fulani ili nyingine zisikike. Chakula cha mchana kiwe kimyet, yaani ugali, na mboga za sochek, na maziwa ya mursik ya kibuyu kwa anayeyaweza.

Awasimulie pia kilichotokea baadaye. Rekodi za mwaka 1950 zilikwenda zikahifadhiwa kusini mwa bara, zikauzwa na kusikilizwa ng'ambo, na watu waliosikia Chemirocha huko wakawa wengi kuliko waliousikia Kericho. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla ya ILAM, ikisaidiana na mradi wa Singing Wells wa Ketebul Music ya Nairobi na wenzao wa London, kuzirudisha nakala Kapkatet. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai. Hebu fikiria kuimba ukiwa kijana, kisha kuisubiri sauti yako mpaka uzee.

Kwa sababu hiyo sitaki kuiona ziara inayowafanya wazee wa Kapkatet kuwa mandhari ya picha. Mgao wa ada ukubaliwe kabla gari halijaondoka Nakuru, na mpigaji kinanda alipwe kama msanii, si kwa bahashishi. Atakayerekodi aombe ruhusa, aseme video itakwenda wapi, na awaachie nakala siku hiyo hiyo. Mashabiki wa muziki wa Korea, kwa bahati nzuri, ni wepisi kulielewa jambo hili. Wao huchanga pesa, hupanga kura, hupigania jina la msanii wao liandikwe inavyostahili. Nguvu hiyo ikielekezwa kwa Chemutoi Ketienya na wenzake, ambao majina yao wengi wa Nakuru hawajayasikia, itafanya kazi ambayo vitabu vya shule havijaifanya.

Na saa za alasiri ziachiwe densi. Wasichana wa Kapkatet wa leo wana simu na wanakijua kikundi cha BLACKPINK cha Korea. Wale wa Nakuru waje na hatua zao za Seoul, wenyeji waoneshe ule mruko ambao Chemirocha alihimizwa aucheze, na kila upande ujaribu wa mwenzake, ukihesabiwa moja hadi nane. Vikundi vya densi vya Nakuru vina watu na vina hamu. Kinachobaki ni kuzungumza na ofisi ya utamaduni ya Kaunti ya Kericho na wazee wa Kapkatet kabla ya likizo ya Agosti. Matatu mbili za abiria 14 zinatosha kwa kuanzia.