Msongo wa mawazo katika umri wa miaka 20: tufanye nini?



Ukitoka Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo, unapita Kajaga, karibu na ziwa Tanganyika. Wengi wetu tunaijua njia hiyo. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuwatoa wenyeji wengi wa upande huo katika nyumba zao. Februari 2025 maelfu ya watu kutoka Kivu ya Kusini walikimbilia Burundi, wengi kwa kuvuka mto Rusizi. Aliyepoteza nyumba, awe mkimbizi au mwenyeji, anabeba mzigo usioonekana kwa macho.

Kwa nini vijana?

Umri wa miaka 20 hadi 29 ndio wakati wa kumaliza masomo, kutafuta kazi, kuoa au kuolewa na kuanza kusaidia wazazi. Kambini mambo hayo yanasimama. Diploma ilibaki nyumbani, mahari haipatikani, shamba halipo, na hakuna anayejua siku ya kurudi. Kungoja bila mwisho kunachosha kuliko kulima.

Nini kinatokea mwilini?

Ukisikia mlio wa risasi, mwili hutoa homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio na misuli inakaza ili uweze kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini wasiwasi usipoisha, mwili unabaki katika tahadhari usiku na mchana. Ndiyo sababu kijana anaumwa kichwa au tumbo, halali, anakasirika ovyo, na akipimwa malaria hakuna kitu. Huo si wazimu, si uchawi, wala si uvivu.

Unaweza kufanya nini?

1. Gawa mawazo yako sehemu mbili. Siku ya vita kuisha haiko mikononi mwako. Lakini kuuliza habari za karatasi zako za shule, kujifunza cherehani au kumsaidia mdogo wako kusoma kuko mikononi mwako. Chagua jambo moja dogo la wiki hii, ulifanye.

2. Ipe siku yako mpango. Amka saa ile ile kila siku, hata kama huna kazi. Oga, fanya kazi ya mkono, tembea au cheza mpira.

3. Moyo ukienda mbio, kaa chini. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 3, itoe polepole ukihesabu hadi 5. Rudia kwa dakika chache huku ukisikia miguu yako juu ya ardhi.

4. Usikae peke yako. Tafuta mtu mmoja unayemwamini: dada, rafiki, mzee wa mtaa. Mwambie ukweli.

5. Epuka pombe na bangi. Kanyanga huleta usingizi upesi, lakini usingizi huo hukatika usiku, na asubuhi wasiwasi unarudi na nguvu.

Je, mambo haya yanasaidia kweli?

Ndiyo. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake kutoka Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara tano, wakasikiliza masomo yaliyorekodiwa na kufanya mazoezi kama hayo. Waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye hali yao ilikuwa nafuu kuliko ya wale ambao hawakuhudhuria. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2020. Shida zao hazikuwa zimeisha. Walikuwa wamejifunza kuzibeba.

Lini uende kituo cha afya?

Nenda ikiwa kwa wiki mbili huwezi kulala, kula au kufanya kazi zako za kila siku, au ikiwa unakunywa kila siku ili usahau.

Mtu akisema afadhali afe, msimcheke na msimgombeze. Muulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Msimwache peke yake, ondoeni kamba, visu na dawa za wadudu, na mumsindikize kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kuomba msaada si aibu. Mzigo mzito, mpe mwenzako naye ashike.