Kununua Kamera ya Mtumba kwa Muuzaji Asiyejulikana

Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, fedha huvuka nchi kwa sekunde chache, na wepesi huo ndio humponza mnunuzi wa kamera ya mtumba, kwa kuwa fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu mno kuzirejesha. Picha nzuri si ushahidi, maana huibwa kwenye matangazo ya wengine. Mnunuzi adai picha mpya inayoonyesha kamera kando ya karatasi yenye tarehe ya siku hiyo, pamoja na namba ya utambulisho iliyochapwa kwenye kifaa. Muuzaji anayeharakisha malipo huku akikataa kukutana mahali penye watu hastahili hata shilingi ya arubuni, yaani malipo ya awali ya kushikilia bidhaa.